Multimita na kifaa cha OBD kwenye SUV yangu: uzoefu wangu

Kama una SUV ya petroli ya mtumba kutoka Japani na unaitegemea kila siku, nunua multimita kabla hujanunua spea nyingine yoyote. Mimi nimekaa na vifaa viwili, multimita ya kawaida ya kidijitali (mita ya kupimia umeme) na kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari kusoma namba za hitilafu na kuzileta kwenye simu kwa Bluetooth, na nimevitumia kwenye gari langu hapa Dar. Bei ya vyote viwili haikufikia bei ya betri mpya.

Kilichonipeleka dukani ni tatizo la kuwasha. Asubuhi ukizungusha ufunguo, stata (mota inayowasha injini) inajikongoja, taa za dashibodi zinafifia, siku nyingine unasikia "tak" moja halafu kimya. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Wa pili akasema stata imechoka, tutafute nyingine used. Hakuna aliyepima chochote, na wote wawili walitaka hela ya spea siku hiyohiyo. Nikawaambia hapana, ngoja kwanza.

Unaweka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Yangu ilisoma 12.6. Kijana wangu akapiga stata huku mimi nikitazama: ikashuka hadi 10.9. Wasiwasi unaanza ikienda chini ya 9.6, kwa hiyo betri haikuwa na kesi. Injini ilipowaka, 14.1. Alteneta, inayochaji betri, nayo nzima, maana hapo unategemea kati ya 13.8 na 14.5.

Kipimo kilichofuata ndicho kilicholipa gharama yote. Ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha negativu cha betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, halafu stata ipigwe. Waya wa ethi, unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi negativu ya betri, ukiwa mzima, unasoma sehemu ndogo tu ya volti. Ikizidi nusu volti kuna tatizo. Mita ikaonyesha 1.7. Yaani umeme ulikuwa unapotea kwenye waya huo wa kurudi, na stata ikawa inafanya kazi kwa volti 9 na kidogo.

Nikatoa negativu ya betri, nikaufuata waya hadi unapofungwa kwenye gia boksi. Kwa juu ulionekana safi kabisa. Nilipofungua bolti, chini ya kile kipete cha waya kulikuwa na unga wa kijani na kutu iliyogandamana na tope, na chuma chenyewe kimekuwa cheusi. Nikasugua kwa msasa na brashi ya waya mpaka pande zote mbili zikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kwa nje. Kupima tena: 0.15. Stata ikazunguka kwa nguvu, na ni ileile iliyohukumiwa kuwa imechoka. Bado iko kwenye gari.

Kifaa cha OBD kilipata kazi yake gari lilipoanza kumisi (injini kukatakata) kwenye mlima, taa ya injini ikipepesa. Taa hiyo ikipepesa usiendelee kukanyaga, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Simu ikaleta P0302, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Namba hiyo inasema silinda ya 2 haiunguzi vizuri. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme wa cheche, injekta inayopuliza petroli, au hata oili iliyojaa kwenye tundu la plagi kwa sababu gasketi ya juu inavuja. Nikahamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, nikaifuta namba, nikaendesha tena. Ikarudi P0303. Ubovu ulikuwa umehama na koili, kwa hiyo nikanunua koili moja badala ya seti nzima ya koili nne niliyoshauriwa dukani.

Kitu kingine ninachokipenda ni joto la injini kwa digrii. Mshale wa dashibodi unakaa katikati hata joto linapopanda, na unaweza kushtuka wakati maji yameshaanza kuchemka. Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro simu ilionyesha 104 huku mshale umetulia. Kuangalia mbele, feni ya rejeta haizunguki. Rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, ndiyo ilikufa.

Sasa mapungufu. Kifaa changu hakisomi hitilafu za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ukipiga breki) wala za mifuko ya hewa, kwa hayo bado ninakwenda kwa fundi mwenye mashine kubwa. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana tundu la OBD lakini hayazungumzi na vifaa hivi, kwa hiyo omba kukijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Na ukimaliza kichomoe, kinakula betri. Multimita nayo, ukiiunga kwa mfululizo, yaani umeme wa betri upite ndani yake, kutafuta kinachonyonya betri usiku, usithubutu kuwasha gari: kipimo chake kinaishia ampea 10, stata inavuta zaidi ya 100.

Mambo ya chini ya gari vifaa hivi havikusaidii kitu. Mgongo wa barabarani ukileta "go-go-go" upande wa mbele, mita haina la kusema. Mimi niliingia chini, magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, nikashika linki ya stabilaiza (kifimbo kinachounganisha bomba la kuzuia gari lisilale upande) nikaitikisa kwa mkono. Ya kushoto ikagonga palepale. Ukisikia "tak-tak-tak" ukiwa umekata usukani wote, hapo angalia CV jointi, kiungo cha ekseli kwenye gurudumu, na anza na buti yake, ile mpira inayoifunika, kama imepasuka.

Ukienda kununua multimita, chagua yenye nyaya laini na ncha ndefu zinazofika kwenye bolti zilizojificha, na ijaribu hapohapo dukani kwa betri mpya ya redio. Isiposoma karibu 1.5, mrudishie.