Betri ya maji au betri kavu kwa gari la kulala safarini?

Upepo wa bahari hapa Tanga hauachii chuma. Betri ya maji ni nafuu, lakini ikichajiwa hutoa mvuke wa asidi, na vichwa vyake, pale waya zinapofungwa, vinaota unga mweupe wenye ukijani. Nafungua waya wa hasi kwanza, nabana vifuniko, namwagia maji ya magadi hadi povu liishe, nasugua kwa brashi ya waya, nakausha, nakaza, ndipo napaka mafuta ya mgando. Ya kuongezea ndani ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, kamwe si ya bomba.

Betri kavu, ile iliyozibwa, haidai maji, vichwa vyake hukaa safi zaidi. Bei yake inauma, na chaji ikizidi inakufa.

Gari linalolala Raskazone, ufukweni hapa Tanga, wiki nzima, ningeliwekea kavu.