Mafundi waliotuambia faili "limejaa"

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana aliyevuta nyaya, maana kebo zake mpaka leo hazijatusumbua. Mengine yote ya kampuni hii inayohudumia kompyuta za maofisini yananipandisha presha kila nikiyakumbuka.

Sisi ni SACCOS ndogo ya mkoani. Hisa, akiba, mikopo na marejesho ya wanachama vyote vipo kwenye faili moja la Microsoft Access, programu ya kutunzia kumbukumbu, limewekwa kwenye mashine tunayoiita seva, na kila mtu analifungua kwenye meza yake kupitia mtandao wa ofisi. Halikuwa na shida. Mwishoni mwa mwaka jana meneja akasaini mkataba na hawa jamaa, wakahamishia kila kitu kwenye mashine mpya, na vurugu zikaanza hapohapo. Anayewahi asubuhi ndiye anayefanya kazi. Wengine mkibonyeza mnaambiwa faili tayari linatumika. Keshia akiwahi, mimi wa mikopo nakaa namtazama. Nikiwahi mimi, foleni ya dirishani inafika barabarani. Tulifikia kununiana kwa sababu ya nani kapanda daladala ya kwanza.

Fundi akaja. Akazima, akawasha, akaondoka. Akarudi tena, akaangalia dakika chache, akatangaza mbele ya wanachama waliojaa kwenye benchi: "Dada, hili faili limejaa. Nunueni seva ya kisasa." Limejaa? Faili la Access mwisho wake ni GB 2, na letu halijafika hata MB 100, namba ipo pale pale ukilibofya. Nikamwonyesha. Unajua alinijibu nini? "Dada yangu, wewe shughulika na mikopo, kompyuta tuachie wenyewe." Benchi zima likacheka. Mimi naheshimika pale, watu wananiamkia, halafu kijana ananifanyia hivyo kwenye ofisi yangu!

Dawa yake sasa. Akamwekea kila mmoja nakala yake ya faili ili "tusigombane". Kweli, ugomvi wa kufungua ukaisha. Lakini keshia anaingiza rejesho kwenye nakala yake, mimi kwenye yangu mwanachama bado anadaiwa. Mama mmoja muuza samaki, mlipaji mzuri kabisa, alishalipa na risiti anayo. Orodha ya wadaiwa sugu ikachapwa kutoka mashine yangu, jina lake likiwemo, na barua ikaenda kwa mdhamini wake. Mdhamini ni mkwewe. Hebu fikiria mtu anavyopelekewa barua ya deni la mkwewe, deni lenyewe limeshalipwa! Yule mama hakufoka. Aliweka risiti mezani, akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Ningemwambia nini? Kwamba kuna fundi kasema faili limejaa?

Aliyetuokoa ni mwanafunzi aliyekuwa field kwetu, hata posho ya nauli tulikuwa tunamcheleweshea. Alikuja kwa adabu: "Shikamoo, naomba niangalie kidogo." Akatueleza kwamba mtu wa kwanza akifungua Access, linazaliwa faili jingine dogo pembeni, jina lilelile ila linaishia na laccdb. Humo ndimo inaandikwa nani yumo ndani, na wa mwisho akitoka linafutwa. Kwa hiyo haitoshi kuwa na ruhusa ya faili lenyewe. Kila mtumiaji lazima awe na ruhusa ya kuunda, kuandika na kufuta ndani ya folda. Asipoweza kuliunda hilo dogo, faili linamfungukia yeye peke yake na wengine wanafungiwa nje.

Fundi wetu alikuwa ametoa ruhusa zote kwenye ukurasa wa Sharing, ule wa kushirikisha folda kwenye mtandao, akaridhika. Ukurasa wa Security, uliopo kwenye dirisha lilelile, hakuugusa. Huko faili lenyewe liliruhusu kuandika, ila folda ilikuwa ya kusoma tu, na unapopita kwenye mtandao Windows inafuata ruhusa iliyobana zaidi kati ya hizo mbili. Kijana akarekebisha, tukafungua wote kwa pamoja. Keshia akapiga vigelegele.

Haki isemwe, labda nawaonea kidogo. Ukurasa mmoja mtu yeyote anaweza kuusahau, simu wanapokea, na mtandao wenyewe sasa una kasi. Nilipoanza kuandika nilifikiria hata kuongeza nyota ya pili. Lakini kusahau ni kitu kimoja, na kumwambia mtu anunue seva wakati hujaangalia ruhusa za folda ni kitu kingine kabisa. Na zile nakala! Mpaka sasa tunakesha na risiti, tunalinganisha mashine kwa mashine nani kalipa wapi, na yule mama akiba yake yote ameitoa.

Kama mnawahitaji kwa kuvuta nyaya, waiteni. Faili lenu la pamoja wasiliguse.

Juzi wameleta ankara, imeandikwa "marekebisho ya kanzidata". Nimeirudisha bila muhuri, na meneja nimemwambia kama hela ya kulipa marekebisho ipo, aanze na nauli ya yule kijana wa field.