Gereji ya Malindi inayoijua turbo

Nilitoka Nairobi peke yangu na Subaru Impreza WRX yangu, imeshushwa chini na kufungwa egzosi pana. Baada ya Mariakani ikaanza kukatakata kila nikikanyaga mafuta. Malindi nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo kando ya Barabara ya Lamu.

Hakukimbilia kompyuta. Aliziba mdomo wa turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, akapuliza upepo wa kompresa, akapaka maji ya sabuni kwenye mipira ya kwenda intakula, yaani kipoza hewa cha turbo. "Mwanangu, njoo utazame." Povu lilikuwa likichemka penye klipu iliyolegea, hewa ikivujia hapo. Akafunga mpya, kisha akakagua plagi, kazi ngumu kwa injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala, maana plagi zimejificha ubavuni, karibu na chesisi. Alizitoa bila pupa, akazifuta moja moja.

Akanisihi nisizime gari papo hapo baada ya mwendo mkali. Liachwe lingurume kidogo, la sivyo oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua. Kisha akanipandishia springi vidole viwili. Mungu ambariki! Hadi Mokowe, ambako unaacha gari na kupanda boti kwenda Amu, yaani Lamu, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haikugusa tuta hata moja.

Pa kukaa hapana, na jua la pale ni kali. Bei ilikuwa ya haki, nami ningemlipa zaidi. Ukienda Ijumaa, wahi asubuhi. Mchana anafunga kwa ajili ya swala.