Spea za injini ya boti kwa basi, Malindi hadi Amu: kaunta ya vifurushi

Kwa fundi wa Amu (mji wa Lamu) anayengoja kabureta kutoka Malindi, kaunta ya vifurushi ya basi bado inafaa kuliko njia nyingine. Mzigo ukifika kaunta kabla ya basi litokalo Mombasa kuingia, hupita Garsen na Witu, ukashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvushwa kwa boti. Kwa kasi hatuwalaumu wenye basi. Tatizo lao ni karani.

Karani huuliza, "Kuna nini ndani?" Ukijibu "spea", huandika "spea". Neno hilo peke yake kwenye kizuizi cha polisi ni sawa na kuomba boksi lipasuliwe, na likishapasuliwa hakuna wa kulifunga tena. Sisitiza aandike kwa ukamilifu: kabureta 1, plagi 2, gasiketi 1, za injini ya boti. Nakala ya risiti ya duka iwe juu kabisa ndani ya boksi.

Kabureta iliyotumika ndiyo husumbua zaidi. Ukimimina petroli ukaona imekwisha, bado kuna inayobaki chini ya boya (kielea cha ndani) na kwenye jeti (kitundu cha kupitishia petroli). Fungua bakuli la chini la kabureta, toa boya, pangusa, acha wazi kivulini usiku kucha. Ikinuka, haijakauka, na kaunta ina haki ya kuikataa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndani ya buti la basi lenye joto si mchezo. Kasha la gia nalo limwagwe oili, kisha skrubu zake mbili zirudishwe na washa zake. Ikisahaulika moja, oili iliyobaki italowesha mzigo wa jirani na gharama itakuwa yako.

Propela ifungwe gunia kila jani, la sivyo ncha hujipinda. Plagi zibaki kwenye vikasha vyake: kigae cheupe cha plagi kikipata ufa mwembamba usioonekana, moto wa umeme huvuja na injini hukosa nguvu, fundi akaishia kulaumu koili. Gasiketi ilazwe kati ya kadibodi mbili, isikunjwe kamwe. Kisha kila kitu kiingie kwenye nailoni mbili, maana kati ya Mokowe na Amu maji ya chumvi hurukia mizigo, na alumini haipendi chumvi.

Fataki za dharura za baharini usizichanganye humo, ni baruti. Bunduki ya mshale ya kuvulia samaki ni zana iliyopigwa marufuku Kenya, kwa hiyo hata mpini na mipira yake isipitishwe kwa jina la "spea". Na sehemu za bunduki halisi, mtutu kwa mfano, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huzihesabu pamoja na silaha yenyewe. Hizo si kazi ya kaunta ya basi.

Mokowe ndiko huduma inapolegea. Mpokeaji asipopigiwa simu, boksi hulala juani, na mpira wa pampu ya maji huweza kuharibika kwa joto. Andika namba mbili za simu, moja ya mtu aliye Mokowe. Boksi lifunguliwe mbele ya hamali kabla hajalipwa, kwani nyuma ya risiti pameandikwa kuwa mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe.

Kwa kifaa cha bei kubwa kama CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha plagi), ndege ya Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, ni afadhali, ila ukaguzi wake ni mkali: chochote kinachonuka petroli hakipandi.