Micro-Nikkor 105 ya mtumba toka Kariakoo: miezi mitatu ya kufukuzana na nyuki

Naanza na bei maana najua ndo mnaitaka. Laki nne na nusu, ilianzia laki sita. Ni lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, Nikon Micro-Nikkor 105mm f/2.8 toleo la AI-S, zile za miaka ya themanini, chuma kitupu, haina oto fokasi wala mota, kila kitu unazungusha mwenyewe kwa mkono. Nimeichukua duka moja la kamera za mtumba Kariakoo, jina naliacha, mtaona kwanini.

Duka lenyewe sasa. Walikuwa nazo mbili zinafanana kabisa. Jamaa akanipa ya kwanza huku anaisifia, "mkuu hicho chuma, hakifi hicho." Nikafungua tundu la mwanga hadi mwisho, nikawasha tochi ya simu nikamulika kwa nyuma, nikaona vijiuzi vyeupe vinatambaa toka ukingoni mwa kioo cha ndani kama utando wa buibui mchanga. Fangasi. Namwambia, ananijibu "hiyo vumbi tu kaka, ukipuliza inatoka." Vumbi gani lina mizizi? Na hata kama mngeipuliza mnapulizaje kioo cha ndani jamani. Dar hii yenye joto na unyevu lenzi ikikaa kwenye begi miezi miwili bila kuguswa inaota kama mkate, na fangasi ikishakula ile koti ya juu ya kioo hata fundi akisafisha alama inabaki. Kwahiyo lenzi ya mtumba bila tochi usinunue, hata ukiuziwa na shemeji yako. Ya pili ilikuwa safi, mabati ya tundu makavu hayana mafuta, ringi ya fokasi nzito nzito hivi, unaisikia inavyoteleza taratibu bila kucheza. Nikabeba hiyo. Warantii wiki moja, ya mdomo, risiti nimeidai mara tatu ndo ikaandikwa. Huduma nawapa nyota mbili, na moja hapo ni ya kupunguza bei.

Kamera yangu ni Nikon D7100. Inaingia bila adapta, unaenda kwenye menyu unaiambia kamera kwamba hii lenzi ni milimita 105 na tundu lake kubwa ni 2.8, basi mita ya mwanga inasoma na kile kidoti cha kijani cha fokasi kinawaka. Wenye D3000 au D5000 na ndugu zao hapo kuna mtihani, lenzi inaingia ila mita haisomi, utapiga kwa kukisia.

Sasa nyuki. Niliinunua kwa ajili ya nyuki mmoja tu kwa kweli. Nyumbani Tabata ukutani nina mstari wa kivumbasha, bilinganya mbili tatu, na pasheni iliyopanda kwenye fensi ya jirani (anavuna yeye, sawa tu). Kwenye kivumbasha kila asubuhi anakuja nyuki mwenye mistari ya bluu tumboni, kitaalamu Amegilla, mfupi mnene kama sentimita moja na kidogo, manyoya kifuani rangi ya kutu. Huyu hatui kama nyuki wa asali. Anafika anasimama hewani mbele ya ua, ulimi ameshautoa mrefu umenyooka kama mrija wa soda, anauchomeka, ananyonya, anarudi nyuma, mlio unapanda, hayupo. Yote hayo unahesabu moja, mbili, imeisha. Kwenye bilinganya ndo utamcheka, analishika ua analitetemesha mwili mzima, vrrr, mlio tofauti kabisa na wa kuruka, chavua inamdondokea tumboni, kitu ambacho nyuki wa asali hawezi.

Wiki tatu nilijaribu na zoomu yangu yenye oto fokasi. Inaenda mbele, inarudi nyuma, inashika jani, inashika ukuta wa jirani, nyuki kashafika Segerea. Ndo maana nasema hii lenzi isiyo na mota haijaninyima kitu, kwa mdudu anayeruka karibu hivi fokasi unaipanga kabla. Nachagua ua moja lililofunguka vizuri, nazungusha ringi hadi ukubwa ninaotaka, halafu siigusi tena. Nakaa kwenye kigoda, viwiko magotini, akija nasogeza mwili mbele nyuma kama mtu anayesinzia msibani na nikiona jicho lake limekaa sawa nabonyeza. Sio kumfukuza. Ukimfukuza utajaza kadi picha za matako ya nyuki, ninazo nyingi, nawauzia bei poa.

Fokasi ya karibu kabisa ni sentimita 41 toka kwenye sensa (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha), hapo unapata nusu ya ukubwa halisi, yaani mdudu wa sentimita moja anachorwa nusu sentimita kwenye sensa, na hii ndo sifa yake kubwa kwangu japo wengine wanaiona kasoro. Kwenye sensa ya D7100 fremu inameza kama sentimita nne na nusu kwa upana, nyuki anakaa robo yake, ana nafasi ya kuyumba bila kutoka nje, picha unaikata baadaye. Ila hata hapo kwa f/11, tundu la mwanga likiwa limebanwa, kinachokuwa shapu ni milimita mbili na kidogo tu, jicho likiwa safi bawa limefifia, zoea.

Ila niwaambie ukweli, picha hapigi lenzi, anapiga flashi. Nyuki wa asali mwenyewe anapiga mabawa mara mia mbili na zaidi kwa sekunde, shata ya 1/250 (mwisho wa kamera yangu ukiwa na flashi) inakupa bawa la moshi. Flashi ukiishusha nguvu hadi 1/32 inawaka muda mfupi mno, chini ya 1/5000 ya sekunde, huo mwanga ndo unaomgandisha. Lakini umpige kivulini au asubuhi mapema, jua likishakuwa kali linaandika picha yake juu ya picha ya flashi, unapata nyuki mwenye mzimu pembeni. Kilainisha mwanga nimekata kindoo cheupe cha mtindi nikakivika kwenye flashi, nikaweka na karatasi ya kuchomea keki kwa ndani, siku ya kwanza kilinuka mtindi bustani nzima nikafuatwa na sisimizi. Na kingine, ua likiwa mbali na majani mengine nyuma kunakuwa giza totoro kama umepiga saa sita usiku, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 800 na kuhamia ua lenye majani ya nyuma karibu, ikapona.

Mtoto wa jirani kaniangalia siku mbili kimya, ya tatu akashindwa. "Anko, unapiga picha nzi?" Nikamuonyesha kwenye skrini, akaita wenzake, siku hiyo sikupiga tena.

Takwimu zangu: asubuhi nzuri napiga kama mia tatu, nabaki na nne, wakati mwingine moja. Anayeanza aende kwa yule nyuki mkubwa anayetoboa mbao za kenchi, anapenda sana maua ya pasheni. Kuna dume lake la njano, linasimama sehemu moja hewani muda mrefu linalinda eneo, na dume hana mwiba, unaweza kumsogelea mpaka akuchoke. Nyuki wa asali mpige kwenye ua tu, mzingani na flashi usiende.

Isichoweza: wale nyuki wadogo wasiouma, wanaotoka kwenye kimrija cha nta ufa wa ukutani. Kwa nusu ya ukubwa halisi wanatoka kama punje za pilipili manga, itabidi utafute ringi ya kurefusha, ile inayokaa kati ya kamera na lenzi ili usogee karibu zaidi. Pia jasho, unaganda dakika arobaini jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, kioo kinajaa mvuke huoni kitu. Na mbu. Nimekaa katikati ya kivumbasha, dawa ya mbu ya bibi zetu wote, na nimeng'atwa vibaya mno saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Lenzi naipa nyota nne na nusu. Nailaza kwenye kopo la plastiki linalobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Ile yenye mizizi juzi nimepita bado ipo kabatini pale pale, wameshaifuta vizuri kwa nje.