Jeli ya chunusi ya 2.5: mimi mwenye ngozi ya mafuta naikubali, dada yangu hataki hata kuiona

Mnaoniuliza napaka nini siku hizi, ni jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 2.5, nilinunua tu kemisti hapa tao bila karatasi ya daktari. Ngozi yangu ni ya mafuta aki, nikishuka matatu asubuhi pua na paji la uso zishaanza kung'aa na hata kazini sijafika, na chunusi zangu ni zile za kichwa cheupe, kidevuni na mashavuni. Jeli inakauka haraka, haikai juu ya ngozi ikiteleza kama zile krimu nzito, na hiyo peke yake ilinitosha kuipenda.

Jamaa wa kaunta alikuwa ananisukumia ya 10, ati kali ndio inafanya kazi. Zii. Ya 2.5 inapunguza chunusi karibu sawa na ya 10, ile kubwa inachokuongezea sanasana ni kuwashwa na kubabuka, na sisi wenye ngozi nyeusi kubabuka sio mchezo juu mahali pakichubuka panaacha doa jeusi, chunusi inaenda na doa linabaki hapo miezi na miezi ukilificha na poda. Nikamrudishia.

Napaka usiku, uso ukiwa umekauka kabisa, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, sio punje kwa kila chunusi. Mwanzoni nilikuwa napaka leo kesho naruka. Kona za mdomo zilikuwa zinachoma kidogo, nikaanza kupaka vaselini hapo kwanza na ikaisha. Shida ni nguo: foronya yangu ya maruni sa hii ina mabaka ya rangi ya chungwa upande ninaolalia, na taulo pia, hii dawa inatoa rangi ya kitambaa kabisa na ukifua hairudi. Tumia nyeupe tu.

Sasa dada yangu mdogo, ngozi yake kavu, akinawa tu uso unamvuta, na baridi ya Julai ya huku Nairobi inamtoa magamba. Alijipakia yangu na pembeni mwa pua pakambabuka vibaya. Yeye saa hizi anatumia krimu ya asidi ya azelaiki ya 20, krimu sio jeli, na juu yake anapaka losheni isiyo na manukato. Inaenda polepole lakini na madoa nayo inayafifisha, hapo kanishinda.

Kama hujui uko upande gani, osha uso na sabuni laini, usipake kitu, kaa kama lisaa hivi halafu bonyeza tishu. Mafuta kila mahali, tafuta jeli. Pua na paji pekee, ni mchanganyiko, jeli ipake hapo na mashavuni uende pole. Tishu ikitoka kavu na uso unavuta, krimu.

Wenye vidoti vyeusi na vipele vidogo visivyo na usaha ulizeni adapalini ya 0.1, dawa nyingine ya chunusi ya kupaka usiku, ila mwenye mimba aachane nayo. Na yoyote utakayochagua ipe wiki 8 hadi 12 kabla uanze kulalamika, na mchana sanskrini, la sivyo madoa yanazidi kuiva.

Zile krimu za kupakuliwa kwenye vikopo visivyo na lebo mimi siguzi. Nyingine zinatiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa hivyo uso unalainika chapchap, unashangilia, halafu ukiacha chunusi zinafumuka upya na ngozi imeshakuwa nyembamba. Na kama chunusi zako ni zile kubwa za ndani zinauma na kuacha mashimo, usipoteze pesa kaunta, nenda kwa daktari wa ngozi mapema kabla mashimo hayajaongezeka.