Ford Country Squire ya 1969: Acheni Mbao, Tazameni Mlango wa Nyuma!

Haya, haya, watazamaji wangu, karibuni tena! Leo salamu fupi, maana nyuma yangu hapa... shemeji, rudi nyuma. Bado. Rudi tena, halijaingia lote! Mnaliona? Mita 5 na nusu. Wamarekani wa mwaka 1969 hili waliliita gari la kumpeleka mtoto shule.

Hii ni Ford Country Squire, stesheni wagoni, yaani gari la familia lenye nafasi ndefu ya mizigo nyuma. Injini V8, gia otomatiki, usukani kushoto, hayo mnayajua, tusichoshane. Taa za mbele zimefichwa nyuma ya vifuniko, ukiwasha vinafunguka. Kizuri, lakini si hicho kilichonileta.

Kwanza nimalize hili la mbao za ubavuni, maana nikiposti picha tu watu wanauliza: hizo mbao ni za kweli? Si za kweli! Ni stika. Tazama hapa kwenye mlango wa dereva, imeanza kubanduka, chini yake ni chuma. Ile fremu inayozunguka ni faiba iliyopakwa rangi. Mimi siipendi. Lingekuwa langu ningebandua yote kesho asubuhi. Mzee mwenye gari ananitazama vibaya, tuendelee.

Lakini mwanzo zilikuwa mbao kweli. Country Squire ya kwanza ilitoka mwaka 1950, milango miwili tu ubavuni, na Ford walikuwa na kiwanda chao cha mbao huko Iron Mountain, kaskazini kabisa mwa Michigan, katikati ya misitu. Na hapa nichepuke kidogo, kwa sababu hii hadithi naipenda. Tangu miaka ya 1920 kiwanda hicho kilikuwa na mabaki ya mbao milima kwa milima, na Henry Ford hakuwa mtu wa kutupa kitu. Wakayageuza mkaa, ule wa vitofali vidogo, wakauuza hadi kwenye maduka yao ya magari. Wale mnaoishi huku Marekani, ule mkaa wa Kingsford mnaonunua majira ya joto kwa ajili ya nyama choma? Ndio huo. Bwana Kingsford mwenyewe alikuwa amemwoa binamu yake Ford. Kwa hiyo ukichoma mishikaki Jumapili, kumbuka umewasha ukoo wa gari hili.

Tatizo la mbao ni matunzo. Msasa, vanishi, ukizembea maji yanaingia kwenye maungio na bodi inaanza kulia njiani. Mwaka 1952 bodi ikawa chuma kitupu, mbao zikabaki pambo, na baadaye hata pambo lenyewe likawa la kuiga. Watu wakaendelea kulinunua! Jirani alitakiwa aone mbao, basi.

Sasa. Shemeji, njoo nyuma huku. Karibu zaidi. Hii ndiyo sababu ya video nzima.

Zamani mlango wa nyuma wa stesheni wagoni ulikuwa na kazi moja: unashusha kioo, halafu unaulaza chini, kama pikapu. Kwa kupakia magunia, safi. Lakini mtoto anayekaa siti ya nyuma kabisa anaingiaje? Anatambaa juu ya chuma. Na wewe mzazi, mfuko wako umeteleza mpaka ndani, unaufikiaje? Unaulalia mlango kwa tumbo, shati jeupe limekwisha. Mwaka 1966 Ford wakaleta kitu wakakiita Magic Doorgate. Mhandisi anayetajwa ni Donald Frey, huyohuyo aliyesimamia kuzaliwa kwa Mustang, lile gari maarufu la Ford. Watu wanamkumbuka kwa Mustang. Mimi namkumbuka kwa hili.

Tazama. Naingiza ufunguo, nazungusha... sikia hiyo mota! Kioo kinazama ndani ya mlango. Sasa nashika mpini wa juu, huu wa ndani. Navuta. Oooh, mzito huu. Umelala chini, umekuwa meza. Nauinua, naufunga. Sasa mpini wa pili, upande wa kulia. Navuta... umefunguka kando, kama mlango wa chumbani! Mlango uleule! Shemeji, rudia kupiga hiyo, wasidhani nimekata video.

Inawezekanaje? Inama hapa chini, kona ya kushoto. Kona hii haiachii kamwe, iwe mlango unalala au unazunguka. Ukiulaza, kona ya chini kulia nayo inageuka kuwa bawaba, halafu bawaba ya juu kushoto inaachia. Ukiufungua kando, ile ya juu kushoto inashika, ya chini kulia inaachia. Mipini miwili, na ndani kuna kufuli zinazozuiana, usije ukavuta yote miwili ukabaki na mlango mikononi. Hakuna kompyuta humo. Ni vyuma na springi na mtu aliyekaa akafikiri.

Na hii ya 1969 imeongezewa jambo: mlango unafunguka kando huku kioo kikiwa juu. Ile ya 1966 lazima ushushe kioo kwanza, hata mvua ikinyesha. Ndiyo maana hii wakaiita ya njia tatu.

Twende kwenye plaiwudi. Hii ni futi 4 kwa 8, saizi ya kawaida ya dukani. Nalaza siti, nalaza mlango... inaingia bapa katikati ya matairi. Haigusi popote! Na ukinyanyua siti, huku nyuma kuna vile viti viwili vidogo vinavyotazamana. Gari zima watu 10. Ngoja nikae... magoti yangu yako mdomoni. Ni vya watoto, na kusema ukweli mimi mwanangu nisingemweka hapa, bampa ya nyuma iko karibu mno na ubavu wake.

Wapinzani nao hawakulala. General Motors (GM) waliiga mlango huu, halafu mwaka 1971 wakataka kuwazidi Ford: kioo kinapanda kinaingia kwenye paa, mlango wa chini unateleza chini ya sakafu. Unapotea kabisa! Kwenye maegesho yaliyobanana ni maajabu. Lakini uzito, na ufundi wake ukiharibika... Baada ya 1976 wakaachana nao, wakarudi kwenye mlango wa bawaba. Mashabiki wa Buick, moja ya magari ya GM, komenti ziko wazi, nitukaneni kwa adabu.

Tangazo kidogo: kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi asubuhi ya huku, ambayo ni jioni kwenu Dar na Nairobi. Mlilalamika, nimesikia. Bonyeza kikengele. Na nyie mnaosema nilinganishe na Probox, jamani, Probox itanisafirisha mwezi mzima kwa mafuta ambayo hili linamaliza wikiendi. Hili ni kilomita 4 au 5 kwa lita, ukiwa mpole.

Hapo ndipo kifo chake kilipoanzia. Mafuta yakapanda 1973, mwaka 1979 wakalipunguza mwili, halafu mwishoni mwa 1983 Chrysler wakatoa minivan, kigari kama basi dogo la familia. Na kinachouma, walioisukuma ile minivan, Lee Iacocca na Hal Sperlich, walikuwa watu wa Ford! Wazo walikuwa nalo wakiwa hukohuko, bosi wao Henry Ford wa Pili, mjukuu wa yule wa kwanza, akalikataa. Kisha Ford wenyewe wakaleta Explorer, SUV ya familia, mwaka 1990, na Country Squire ya mwisho ni ya 1991. Minivan ina sakafu ya chini na mlango wa kuteleza ubavuni, kwa familia ni bora kuliko hili, sibishi. Ila hakuna anayegeuka barabarani kutazama minivan. Shemeji, simama huko upande wa jua. Hiyo stika ukiiona kwa mbali... mh. Haya, isibanduliwe.

Bei? Zilizochoka bado zipo za dola elfu chache, ila safi zinapanda kila mwaka, na wauzaji wengine wanataja dola 20,000 na zaidi bila kuona haya. Mimi nisingenunua ya miaka ya 80. Ningetafuta ya 1969 au 1970. Ukienda kulikagua, usianze na injini, V8 hizi mafundi wapo kila kona. Anza na mlango wa nyuma: angalia kutu kwenye ukingo wa chini, kisha ufungue njia zote tatu mbele ya muuzaji. Ukigoma hata njia moja, shusha bei, kwa sababu kufuli za mlango huu utazivizia kwenye magari yaliyokufa.